Kabla nyundo haijashuka: namna ya kubomoa nyumba kuukuu ili vifaa vyake vijenge tena

Ukinipigia simu nyumba ikiwa imeshalala chini, nitakuja kuangalia, lakini sitakuwa na mengi ya kukusaidia. Kufikia hapo matofali yameshachanganyika na udongo, jipsamu ya dari imesagika ndani ya mchanga, nondo zimepindwa ovyo na waliobomoa wameondoka na grili. Kilichobaki ni mzigo wa kulipia lori.

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kusimamia ubomoaji na kuuza vinavyosalia. Yadi yangu iko Tabata. Watu wengi huja kwangu wakiamini kwamba kifusi hakifai kujengea kwa sababu ni kifusi. Mimi nimeona tofauti. Kifusi huharibiwa siku ya kubomoa, na vikwazo karibu vyote nitakavyovitaja hapa vinaanzia kwenye makubaliano yaliyofanyika, au ambayo hayakufanyika, kabla ya nyundo ya kwanza kushuka.

Na hasara yake ni kubwa. Kokoto nyingi tunazomwaga kwenye zege la Dar zinatoka Lugoba, zaidi ya kilomita 100 barabarani. Mchanga unachimbwa mitoni mpaka kingo zinaporomoka na nyumba za watu zinaning'inia. Saruji huchomwa kwenye tanuru lenye joto la takriban nyuzi 1,450. Halafu tunachukua ukuta uliokwisha kula vyote hivyo, tunautupa bondeni, mvua za masika zikija maji yanakosa njia. Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba anayetaka kubomoa na kujenga upya palepale, na kwa fundi atakayemsaidia.

Zunguka nyumba na tindo mkononi

Nyumba nyingi zinazobomolewa sasa Magomeni, Ilala, Temeke na Kariakoo ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kwa nje zote zimepigwa lipu na rangi, utadhani ni kitu kimoja. Ndani yake mambo mengine kabisa. Chumba cha mbele kinaweza kuwa cha matofali ya saruji, cha pili miti na udongo, choo cha uani kikawa cha matofali yaliyofyatuliwa juzi juzi tu. Nyumba hizi zilikarabatiwa chumba kimoja kimoja, kadiri fedha ilivyopatikana.

Kwa hiyo usikadirie kwa macho. Chukua tindo na nyundo ndogo, uchokonoe lipu katika kila chumba: chini karibu na sakafu, katikati, na juu chini ya linta, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha. Ukikuta udongo, andika. Ukuta wa udongo na miti una matumizi yake, kujazia ua kwa mfano, lakini ukichanganyika na kifusi cha saruji umekiua, maana udongo huzuia saruji mpya isishike kokoto.

Angalia pia chumvi. Kuna kuta zinazotoa unga mweupe na lipu inayobanduka magamba kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Mara nyingine ni unyevu wa ardhini, mara nyingine nyumba ilijengwa kwa mchanga wa ufukweni. Kifusi cha ukuta wa namna hiyo usikiweke kabisa kwenye zege lenye nondo. Chumvi ya bahari hula chuma kikiwa ndani, na utakuja kujua zege likishapasuka.

Kisha pandisha macho. Paa la vigae vya kijivu vyenye mawimbi, vizito, vinavyofanana na saruji, kwenye majengo ya zamani huenda likawa la asbesto. Hapo simamisha kila kitu. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, na hatari iko kwenye vumbi lake. Vigae hivyo havikatwi kwa msumeno, havivunjwi kwa nyundo, havirushwi chini kutoka juu, na havigeuzwi kuwa banda la kuku. Wasiliana na NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, upate maelekezo ya kuviondoa na mahali pa kuvizika. Nimeona watoto wakichezea vipande vyake kwenye rundo la kifusi, na sitaacha kulisema hili kwa sauti.

Makubaliano ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapotelea.

Desturi ya mjini iko hivi. Mwenye nyumba anataka kiwanja kiwe cheupe haraka. Anakuja mtu anasema: nitakubomolea kwa bei ndogo, au bure, ila nondo, grili, milango na mabati ni vyangu. Mwenye nyumba anafurahi. Lakini fikiria vijana waliopewa kazi hiyo wataifanyaje. Wanalipwa kwa jumla, kazi ikiisha wanaondoka. Kila saa wanayoitumia kutoa tofali zima ni saa wanayofanya bure. Kwa hiyo wataangusha ukuta mzima kwa kuusukuma, watavunja jamvi (zege la sakafu) na linta vipande vipande ili wachomoe chuma, na kila kitu kitakuwa rundo moja. Huwezi kuwalaumu. Makubaliano yenyewe ndiyo yaliyowaambia wavunje.

Badilisha malipo, utabadilisha mikono. Mimi hulipa kwa tofali zima lililosafishwa na kupangwa, siyo kwa siku wala kwa nyumba. Lililokatika nusu lina bei yake, ndogo. Kifusi safi kisicho na udongo wala mbao nalipa kwa toroli. Kifusi kichafu hakina malipo. Siku ya kwanza vijana hunung'unika. Wakishaona kwamba anayefanya kwa uangalifu anarudi nyumbani na fedha nzuri kuliko mwenye nguvu nyingi, utaona nyundo nzito zinawekwa kando na tindo zinatafutwa.

Andikeni karatasi, hata kama ni ya mkono, mbele ya mjumbe. Iseme nondo ni za nani, mbao ni za nani, kifusi kitakaa wapi na kwa muda gani, nani analipia lori la mwisho. Iseme pia kwamba katapila haliingii mpaka paa, dari, milango, madirisha na nyaya viwe vimetoka. Kibali cha kubomoa kutoka halmashauri kiwe mkononi kabla ya yote, na fundi umeme awe ameshakata moto.

Mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kandokando ya barabara ya Morogoro kupisha upanuzi wa kipande cha Kimara hadi Kibaha, wapo wenye nyumba walioamua kubomoa wenyewe wakaokoa mabati, madirisha na hata matofali. Walikuwa na muda mfupi na maumivu mengi. Wewe unayebomoa kwa hiari yako una nafasi ambayo wao hawakuwa nayo, basi itumie.

Bomoa kwa kurudi nyuma

Kilichowekwa mwisho ndicho kitoke kwanza. Taa, swichi na nyaya, milango na fremu zake, grili na vioo, dari, mabati, mbao za paa (papi na kenchi), ndipo kuta, kutoka juu kushuka, mstari kwa mstari, halafu jamvi, halafu msingi. Usiruhusu mtu achimbe ukuta chini ili udondoke wote. Ukuta ukianguka haumwambii mtu wapi utaangukia.

Jipsamu ya dari itoke nzima, ikae mbali, chini ya turubai. Usiiache imwagikiwe na mvua juu ya rundo la kifusi. Jipsamu ina salfeti, na salfeti ikiingia kwenye saruji mpya huifanya ivimbe na kupasuka taratibu, miezi au miaka baadaye, wakati wewe umeshahamia.

Tenga marundo matatu tangu asubuhi ya kwanza: zege (linta, nguzo, jamvi), matofali na lipu, kisha uchafu. Kama kiwanja ni kidogo, na viwanja vya Magomeni ni vidogo kweli, omba nafasi kwa jirani au kodi sehemu ya wazi kwa serikali ya mtaa. Watu wengi hushindwa hapa hapa: hawana pa kuweka marundo matatu, wanaweka moja.

Tofali zima: tazama chokaa na saruji

Tofali la inchi sita linaweza kujenga tena ikiwa mambo mawili yamekubali. La kwanza ni nguvu zake lenyewe. Mafundi wengi wa mjini hufyatua matofali zaidi ya 30 kwa mfuko mmoja wa saruji, na mengine ukiyashika pembe yanamomonyoka kwa vidole. Yagonganishe mawili: likitoa mlio mkali, la wazi, liweke pembeni, likitoa mlio wa kitu kilichopasuka ndani, lipeleke kwenye kuponda. Kwaruza kwa msumari. Dondosha moja kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Hivi si vipimo vya maabara, ila vinakuokoa usibebe takataka kwenda maabara.

La pili ni kile kilichoyaunganisha. Ukienda Mji Mkongwe, Zanzibar, utaona mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo ukuta ukibomoka jiwe hutoka zima, unalisafisha, unalirudisha ukutani. Mafundi wa pwani wamefanya hivyo vizazi na vizazi. Sisi tunafunga matofali dhaifu kwa saruji kali. Ukipiga tindo kwenye kiungo, kinachovunjika ni tofali. Hicho ni kikwazo alichokijenga fundi wa zamani, na hakuna nyundo itakayokiondoa. Kwa hiyo jaribu mistari miwili ya juu kwanza. Kama mengi yanatoka mazima, endelea kwa mkono. Kama mengi yanakatika, usipoteze fedha: bomoa kwa kasi, ila kwa usafi, uyapeleke yote kwenye kuponda.

Na unapojenga upya, mwambie fundi wako aweke chokaa kwenye mchanganyiko wa kujengea: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Chokaa ya Tanga inapatikana. Kuta zako zitakuwa imara, na mjukuu wako atayatoa matofali bila kuyavunja.

Matofali ya zamani niliyoyakubali nayatumia kwenye uzio, kuta za ndani zisizobeba slabu, karo, na vitalu vya maua. Kwenye ukuta unaobeba ghorofa siyaweki bila cheti cha maabara na neno la mhandisi.

Kifusi kuwa kokoto na tofali jipya

Matumizi rahisi kuliko yote ni chini ya jamvi. Vipande vya ukubwa wa ngumi, safi, vimwagwe tabaka la milimita 150, vimwagiliwe maji, vishindiliwe mpaka vitulie, halafu mchanga wa kuziba matundu. Hapo huhitaji maabara. Mzee ambaye msingi wake ulikuwa unangoja malori mawili ya mawe, mara nyingi mawe hayo anayo tayari uani.

Kutengeneza matofali mapya kunataka uangalifu zaidi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Tanzania kuhusu jambo hili hasa. Watafiti walikusanya sampuli nane za kifusi kutoka maeneo ya ujenzi na ubomoaji, wakaziponda, wakachekecha, wakafyatua matofali ya zege bila kuongeza hata punje ya kokoto mpya. Yalikuwa dhaifu kuliko ya kokoto za asili. Hilo walilisema wazi. Lakini asilimia 85 ya yaliyopimwa yalifikisha nguvu ya niutoni 7 kwa kila milimita mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa nchini kwa tofali la kubeba mzigo. Ili uone maana yake: tofali lenye urefu wa milimita 450 na unene wa 150 likifikisha hapo, linahimili takriban tani 48 kabla ya kupondeka.

Nami nasoma pia ile asilimia 15 iliyobaki. Inaniambia kwamba kifusi si kitu kimoja, na kwamba asiyepima anacheza bahati nasibu na maisha ya watu.

Utaratibu wangu ni huu. Tunaponda rundo la zege na matofali yaliyokatika au kupasuka. Lipu inayomomonyoka inabaki nje. Wanaoponda, na wengi wao ni akina mama waliozoea kazi ya kokoto, wavae miwani na barakoa, na rundo linyunyiziwe maji muda wote kwa ajili ya vumbi. Tunachekecha kwa nyavu mbili: ya kwanza inazuia vilivyozidi milimita 10, ya pili inatoa unga mwepesi. Ule unga ukibaki mwingi, tofali linakunywa saruji na halikazi.

Halafu kuna kitu ambacho mafundi wengi hukiruka: kokoto ya kifusi ina kiu. Saruji ya zamani iliyoganda juu yake ina vitundu vingi, hivyo hunywa maji mara kadhaa zaidi ya kokoto ya Lugoba. Ukiichanganya ikiwa kavu, inanyang'anya saruji mpya maji yake, mchanganyiko unakauka mkononi, fundi anaongeza maji kwa kubahatisha, na nguvu inapotea. Iloweke usiku kucha kwenye pipa. Asubuhi ichuje mpaka juu ikauke huku ndani ikiwa imeshiba. Baada ya hapo changanya kama kawaida.

Anza na ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga na tatu za kokoto ya kifusi. Shindilia vizuri kwenye mashine. Yakae kivulini, yamwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 zisizo na mapengo, na yasijengewe mapema. Yakitimiza siku 28, peleka maabara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo maabara ya vifaa vya ujenzi, wengine wapo. Chukua matofali kutoka sehemu tofauti za rundo, usichague mazuri. Ukipata majibu mazuri, ongeza kifusi na upunguze mchanga kidogo kidogo, ukipima kila unapobadilisha.

Kwa zege la nguzo, mihimili na slabu nasimama mbali. Uingereza, kanuni yao ya BS 8500 huruhusu kokoto za zege lililosagwa zichukue hadi asilimia 20 ya kokoto nene kwenye madaraja mengi ya zege la kawaida. Lakini wao wana mitambo ya kusaga na kupima kila mzigo. Sisi tunaponda kwa nyundo.

Chuma na mbao

Nondo iliyopindwa ikanyooshwa imeshaumia. Isirudi kwenye nguzo wala slabu. Itumie kwenye mifuniko ya karo na nguzo fupi za uzio, inayobaki iende kwenye chuma chakavu kwa mnunuzi mwenye leseni.

Mbao za zamani ni hazina. Mlango wa mninga au mkongo wa nyumba ya Kiswahili, ukiondolewa rangi na kuchongwa upya, unaishinda mingi ya dukani. Kenchi zidungwe kwa bisibisi ncha zote mbili, hasa zilipogusa ukuta, kuangalia mchwa. Na nawaomba sana: mbao zenye rangi ya zamani au zile za dawa ya kijani msiwape mama lishe wapikie. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na dawa ile ya kijani mara nyingi ina sumu ya aseniki. Moshi unaingia kwenye sufuria na kwenye kifua cha mpishi.

Mwenye nyumba na mhandisi

Kikwazo kigumu kuliko vyote hakishikiki kwa mkono. Kuna mzee mmoja wa Magomeni nilimwamkia, akanikaribisha barazani, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Binti yangu, nyumba hii niliijenga kwa jasho. Leo nataka kuwaachia wanangu ghorofa. Wewe unaniambia niwajengee kwa makombo?"

"Hapana, mzee wangu. Nakuambia jasho lako lisiende kutupwa bondeni."

Alikaa kimya, halafu akaniuliza swali la maana: "Na litabeba?" Hapo ndipo ninapofunua majibu ya maabara. Mtu akiuliza kama litabeba, usimjibu kwa hotuba ya mazingira. Mpe namba, mwonyeshe tofali, mwache alidondoshe mwenyewe. Mzee yule alikubali uzio, jamvi na kuta za ndani. Ghorofa lenyewe lilijengwa kwa vifaa vipya, na nadhani alifanya sawa.

Mhandisi naye mpelekee majibu kabla hajamaliza mchoro, kwa maandishi. Jina lake na muhuri wake ndivyo vilivyo kwenye karatasi, siyo langu wala lako. Mwombe aandike kwenye mchoro wapi vifaa vya zamani vinaruhusiwa na wapi haviruhusiwi. Bila maandishi hayo, mkandarasi ataogopa, na ana haki ya kuogopa.

Piga hesabu ya lori

Umbali ndio unaomaliza faida. Ukibeba kifusi kwa tipa kwenda kupondwa, kisha ukakirudisha, umelipa mara mbili na mara nyingi kokoto mpya itakuwa rahisi. Kwa hiyo kiponde palepale kiwanjani, ukitumie palepale. Kinachozidi mpe jirani anayejaza ua. Kirikuu au guta linatosha kwa mtaa wa pili. Kabla ya kuanza, andika pande mbili za karatasi: upande mmoja gharama ya kuponda, maji, maabara na malipo ya kutenganisha, upande wa pili bei ya mawe, kokoto na mchanga utakaoacha kununua, ukijumlisha malori ya kwenda kutupa ambayo hutayalipia. Wengi husahau hayo malori ya kutupa, ndipo wanaona haiwalipi. Hesabu ikigoma hata baada ya hapo, chukua jamvi, milango na mabati tu, uyaache mengine.

Mwisho wa kazi kitabaki kilima kidogo cha vumbi, vipande vya rangi na jipsamu. Hicho kiende dampo la halmashauri na risiti yake uitunze pamoja na kibali. Dereva akikuambia anajua mahali karibu pa kumwaga bure, muulize ni wapi, na kama ni bondeni, tafuta dereva mwingine.